Sheria ya leo ku telefone: teknolojia inaweza kumusaidia nini mwanafunzi wa sheria ku Dilala?

Ku Dilala, mwanafunzi wa sheria anaanza kazi mbele ya kupata diplome. Jirani anamuletea karatasi ya sosiete ya madini. Shangazi anauliza kama bwana yake anaweza kumukataza kusaini kontra ya kazi. Mutu wa motari anauliza nani atamulipa kisha lori kuvunja motari yake. Wote wanasema neno moja: "Wewe uko unasoma droit, tuelezee." Jibu atakalotoa linaweza kulinda lupango ya mutu, ao kuipoteza.

Kwa hiyo, teknolojia katika masomo ya sheria haiko mapambo. Kompyuta nzuri na projekteri ukutani zinafurahisha macho, lakini jambo la kwanza ni lingine: je, sheria ile mwanafunzi anasoma ni sheria ya leo, ao ni sheria iliyokufa zamani? Hapo njo telefone inaweza kusaidia sana. Na hapo tena njo inaweza kudanganya sana.

Sababu gani ku Dilala jambo hili ni nzito?

Dilala na Manika njo komine mbili za muji wa Kolwezi, muji mukubwa wa jimbo la Lualaba. Jimbo hilo lilianza mwaka 2015, wakati Katanga iligawanywa. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa ya ile kobalti inatoka Lualaba. Ku Kolwezi, mashimo ya madini na nyumba za watu ziko karibu karibu. Mahali pengine sheria ya madini ni somo la darasani tu. Hapa inaingia paka mulangoni.

Wakaaji wa majimbo mengine ya mashariki wanajua hali hiyo. Ku Kivu ni coltan, ku Ituri ni zahabu. Sheria ni moja kwa inchi yote, na shida ya mwanafunzi ni moja vilevile: kupata maandishi ya kweli ya ile sheria.

Masomo ya sheria yanatolewa namna gani?

Mafundisho ya univerisite katika eneo hili yalianza mwaka 1956, wakati Wabelgiji walifungua univerisite ya Leta ku Élisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi. Ile njo mama ya Univerisite ya Lubumbashi. Univerisite ya Kolwezi nayo ilianza kama tawi la Lubumbashi mbele ya kusimama yenyewe.

Mutindo wa kufundisha ni ule ule karibu kila mahali. Profesa ao asistanti anaandika silabusi, wanafunzi wanainunua ao wanapiga fotokopi, kisha wanaishika kichwani mupaka siku ya mutihani. Mara nyingi profesa ni wa kutembea. Anatoka muji mwingine, kwa mufano Lubumbashi, karibu kilometre 300, anamaliza somo lote kwa siku chache, kisha anarudi. Mwanafunzi anabaki na silabusi peke yake.

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya inchi ilifungua njia ya mupango wa LMD: licence miaka 3, master miaka 2, kisha dokta. Katika ule mupango, mwanafunzi anapashwa kufanya kazi nyingi yeye mwenyewe, nje ya darasa. Lakini atafanya kazi peke yake na nini, kama biblioteke iko na vitabu vichache, na vile vichache ni vya zamani?

Sheria inabadilika, silabusi inabaki

Tuchukue mifano mitatu. Yote inagusa nyumba za watu.

Mufano wa kwanza ni redevansi ya madini, yaani feza ile sosiete inalipa juu ya madini inayouzisha. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002 ilisema, katika artikle 242, kwamba ile feza inapita kwanza ku sanduku la Leta. Kisha inagawanywa: asilimia 60 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, na 15 kwa muji ao teritware yenye kuwa na shimo. Mwanafunzi mwenye silabusi ya zamani atajibu vile, na atakuwa amekosea.

Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 ilibadilisha artikle hiyo. Leo ni asilimia 50 kwa Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa antite ya mahali, na 10 kwa mufuko wa madini wa vizazi vitakavyokuja. Sosiete inalipa kila sehemu ku konti yake, haipitishe yote ku sanduku la Kinshasa. Na neno "muji ao teritware" lilitoka. Mahali pake kuliingia "antite ya mahali yenye kujiongoza" yenye machimbo ndani ya mipaka yake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema antite hizo ni nini: muji, komine, sekta na sheferi. Maana yake, komine kama Dilala inaweza kudai sehemu yake kwa jina lake yenyewe. Mukaaji anayejua hilo anaweza kuuliza burgumestre: feza imefika ngapi, na imefanya nini? Mukaaji anayefundishwa sheria ya 2002 hataona hata kwamba yuko na haki ya kuuliza.

Kiasi nacho kilibadilika. Mwaka 2002, redevansi ya shaba na kobalti ilikuwa asilimia 2. Sheria ya 2018 iliweka 3,5 kwa metali za namna hiyo, na 10 kwa madini yanayoitwa ya mukakati. Dekre ya tarehe 24 Novemba 2018 iliingiza kobalti katika hesabu ya madini ya mukakati. Ile sheria ya 2018 iliongeza tena kwamba sosiete inapashwa kutoa, kila mwaka, si chini ya asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya wakaaji. Hakuna kati ya hayo mutu anaweza kuyakuta katika silabusi iliyoandikwa mbele ya 2018.

Mufano wa pili ni wa nyumbani. Kodi ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema, katika artikle 448, kwamba mwanamuke aliyeolewa anapashwa kupata ruhusa ya bwana yake mbele ya kusaini mambo fulani ya sheria yanayomufunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha artikle hiyo. Sasa bwana na bibi wote wawili wanapashwa kusikilizana. Haiko tena ruhusa ya mumoja juu ya mwingine. Mwanafunzi anayemujibia shangazi yake na kitabu cha 1987 anamurudisha nyuma miaka karibu 30.

Mufano wa tatu ni wa biashara. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Congo iko mwanamemba wa OHADA, umoja wa inchi 17 za Afrika wenye sheria moja za biashara na korti ya pamoja ku Abidjan. Sheria hizo zinabadilishwa mara kwa mara. Ile ya kukamata mali ya mutu mwenye deni ilikuwa ya mwaka 1998. Mupya ulikubaliwa ku Kinshasa mwezi wa Oktoba 2023. Mwenye duka la Dilala anayegombana na muletaji wake wa bidhaa anahitaji avoka aliyesoma mupya.

Maandishi ya sheria yanapatikana wapi?

Sheria ya Congo inatangazwa katika Journal officiel, gazeti la Leta. Artikle 142 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema sheria inaanza kufanya kazi siku 30 kisha kutangazwa humo, isipokuwa yenyewe iseme namna ingine. Zamani, kupata namba moja ya lile gazeti nje ya Kinshasa ilikuwa kazi nguvu. Leo kuko njia zingine.

Ku intaneti, leganet.cd inakusanya sheria, dekre na maandishi mengine mengi ya Congo, na kusoma ni bure. Haiko gazeti la Leta lenyewe, kwa hiyo mutu anapashwa kulinganisha tarehe na namba. Sheria za OHADA ziko wazi ku ohada.com na ku ukurasa wa OHADA yenyewe. Kontra za madini nazo, kufuatana na sheria ya 2018, zinapashwa kutangazwa. Nyingi zinaweza kusomwa ku resourcecontracts.org na ku congomines.org. Mwalimu wa sheria ya madini anaweza kuweka kontra ya kweli mbele ya wanafunzi na kuwaomba watafute: sosiete iliahidi nini, kwa miaka ngapi, na nani alisaini?

Faida kubwa iko hapa: faili ya PDF ya sheria nzima haikule mega nyingi. Mwanafunzi mumoja mwenye forfe anaishusha mara moja, kisha anaipitisha kwa wenzake kwa Bluetooth bila kulipa kitu. Darasa la watu 200 linaweza kuwa na sheria ya madini ya leo kabla ya jioni. Ku Dilala hilo linafaa kupita somo la video, kwa sababu video inakula mega na inaomba umeme.

Na umeme njo shida ya pili. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu na Kolwezi, na yamejengwa ju ya machimbo. Lakini delestaji inajulikana katika kila kartie. Kwa hiyo mwalimu mwenye akili anatuma maandishi na sauti fupi, hatume video ya saa moja. Sauti ya dakika 3 ku grupu ya WhatsApp inayoeleza artikle moja inasikilizwa hata kama batri imebaki kidogo.

Majirani wanafanya namna gani?

Kujua sheria iliyoandikwa haitoshi. Mwanafunzi anapashwa kuona namna majuji wanaitumia, na hapo Congo iko nyuma. Hukumu nyingi za tribinali zetu zinabaki ndani ya makaratasi ya grefe. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka 5 bila kusoma hukumu kumi nzima.

Kenya ilichukua njia ingine. Sheria ya mwaka 1994 iliunda shirika la Leta lenye kazi ya kukusanya na kutangaza hukumu, na leo hukumu zinasomwa bure ku kenyalaw.org. Tanzania iko na TanzLII, inayosimamiwa na mahakama yenyewe. Mwanafunzi wa Mombasa ao wa Mwanza anaweza kusoma usiku hukumu iliyotolewa wiki hii. Tena, mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wakati wa korona, mwaka 2020, korti za Kenya zilianza kusikiliza kesi ku video, na wanafunzi wakaweza kufuata kesi wakiwa kwao.

Congo nayo ilipata somo kama lile mwaka 2020. Univerisite zilikuwa zimefungwa ju ya korona, lakini kesi ya programu ya siku 100, iliyosikilizwa ndani ya gereza la Makala ku Kinshasa, ilionyeshwa moja kwa moja ku RTNC. Wanafunzi wa inchi yote waliona kwa macho namna juji anauliza, namna prokirere anashitaki, namna avoka anajitetea. Hukumu ya Juni 2020 ilimufunga mushitakiwa mukubwa. Mwaka 2022, korti ya rufani ilimuachilia. Ile tu inafundisha jambo moja: hukumu ya kwanza haiko mwisho wa kesi.

Akili bandia: mwalimu ao mudanganyi?

Sasa wanafunzi wengi wanaandika swali ku ChatGPT na kupata jibu kwa sekunde chache. Jibu ni safi, Kifaransa ni kizuri, na artikle zimetajwa. Hatari iko palepale. Programu hizi hazifungue Journal officiel kwanza na kusoma. Zinatunga maneno yanayoonekana kufuatana vizuri, kutokana na maandishi mengi zilizokula. Kama maandishi juu ya Congo ni machache, programu inajaza na vya Ufaransa, ao inatunga.

Kuko mufano mwepesi. Uliza: "Mutu aliyeharibu kitu cha mwingine analipa kufuatana na artikle gani?" Mara nyingi jibu linaweza kuwa artikle 1240, ile zamani iliitwa 1382. Hiyo ni kodi ya Ufaransa. Ku Congo, jibu ni artikle 258 ya dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya kontra na madeni. Dekre ile ni ya zamani sana, lakini ingali inatumika. Wazo ni lile lile, artikle ni ingine. Mwanafunzi akiandika 1240 ku barua ya yule mutu wa motari, avoka wa sosiete ya lori atacheka, kisha ataomba barua itupwe.

Hata maavoka wa inchi tajiri wameanguka humo. Ku New York, mwezi wa Juni 2023, katika kesi ya Mata na kampuni ya ndege Avianca, juji aliwatoza maavoka dola 5.000. Walileta hukumu zilizotungwa na ChatGPT, kesi ambazo hazikuwako hata siku moja. Januari 2025, juji wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, alikuta kwamba kesi nyingi zilizotajwa na avoka hazipatikane popote.

Akili bandia iko na kazi nzuri pia. Inaweza kueleza neno nguvu, kutengeneza maswali ya mazoezi, kufupisha maandishi ile mwanafunzi mwenyewe ameyashusha. Mwalimu anaweza hata kuifanya zoezi: anapatia darasa jibu la mashine, anaomba kila mutu atafute makosa ndani ya sheria ya kweli. Anayeyaona makosa ameelewa somo. Lakini mashine haiwezi kuwa shahidi wa sheria.

Siri ya mutu inapashwa kulindwa

Kuko hatari ingine watu wanaisahau. Jirani akileta karatasi ya lupango, mwanafunzi anapiga picha na kuitupa ku grupu ya watu 200 ili aulize wenzake. Jina, namba ya lupango, saini, vyote vimetoka. Kesho karatasi iko mikononi mwa mutu anayeitafuta ile lupango.

Tangu tarehe 13 Machi 2023, Congo iko na Kodi ya dijitali, ordonansi-sheria namba 23/010. Inalinda habari za watu binafsi, na inasema tena kwa masharti gani maandishi ya elektroniki yanaweza kuwa ushahidi. Mwanafunzi wa sheria anapashwa kuisoma mara mbili: mara moja kama somo, mara ingine kama sheria inayomufunga yeye mwenyewe. Kanuni ni fupi. Kabla ya kuuliza wenzake ao mashine, ondoa majina na namba zote. Picha ya karatasi ya mutu usiitume.

Hatua tano za kuhakikisha sheria

Njia hii inaweza kufuatwa na mwanafunzi, na hata na mukaaji mwenye telefone ndogo ya intaneti:

1. Andika jina kamili la sheria: namba na tarehe. Anayesema "sheria inasema" bila tarehe hajasema kitu.

2. Fungua maandishi yenyewe, usitegemee mufupisho wa mutu ao wa mashine. Soma artikle nzima, na ile inayotangulia na inayofuata.

3. Tafuta kama kuko sheria ya nyuma iliyoibadilisha. Kwa madini, ile ya 2002 isomwe pamoja na 2018. Kwa familia, 1987 pamoja na 2016.

4. Hakikisha ni sheria ya Congo ao ya OHADA, haiko ya Ufaransa ao ya Ubelgiji.

5. Kama kuko lupango, feza ao kufungwa gerezani, umupeleke mutu kwa avoka ao ku kliniki ya sheria. Mwanafunzi anaeleza. Hasimame mbele ya tribinali.

Sheria katika lugha ya watu

Ile artikle 142 ya Katiba inaongeza jambo ambalo wengi hawalijue. Inaomba serikali isambaze kila sheria katika Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za inchi, katika siku 60 kisha kutiwa saini. Lugha hizo ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kwa hiyo, kusoma sheria kwa Kiswahili haiko zawadi. Ni deni la Leta kwa raia. Lakini mukaaji wa Dilala anayetafuta sheria ya madini ku intaneti anaikuta kwa Kifaransa.

Hapa wanafunzi wanaweza kufanya kazi kubwa na vyombo vidogo. Darasa linachagua artikle moja, kwa mufano ya 242. Wanaisoma pamoja, wanaitafsiri, mwalimu anasahihisha, mumoja anarekodi sauti ya dakika 3. Ile sauti inapita ku telefone, ku radio ya kartie, ku soko. Mwanafunzi anashika somo vizuri, kwa sababu mutu haeleze kwa lugha ya mama yake kitu ambacho hajaelewa. Na mukaaji anapata sheria yenye namba, yenye tarehe, na inayotumika leo. Siku ile burgumestre ataita mukutano juu ya feza za redevansi, atakuwa na swali la kuuliza.